Wagiriki wa kale wafundishwe kwa vitu walivyovitengeneza, si kwa orodha ya miungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kufundisha historia katika shule ya sekondari. Somo la Ugiriki ya kale, pale linapofundishwa, hukatwa vipande vitatu. Visasili hupelekwa kwa mwalimu wa fasihi, vita na tawala huachiwa mwalimu wa historia, na sanaa, ikipata nafasi, hubaki kuwa picha ndogo pembeni mwa ukurasa ambayo hakuna anayeitazama mara mbili. Maoni yangu ni kwamba vipande hivyo vitatu ni somo moja, na kwamba mlango wa kuliingia ni kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu wale, yaani mtungi, sanamu, kigae au jengo.

Orodha ya miungu naijua vizuri kwa sababu ndiyo niliyofundishwa mimi. Zeus ni wa radi, Poseidon wa bahari, Athena wa hekima, Ares wa vita, mpaka wanatimia 12 wa mlima Olympus. Tuliikariri, tukaulizwa katika mtihani tuoanishe kila mungu na nembo yake, tukafaulu, na baada ya wiki chache tukabaki na majina matupu. Hatukuelezwa ni nani walioiabudu miungu hiyo, waliitolea nini, wala kwa nini watu waliojua kupima ardhi na kuhesabu kura waliendelea kuichora kwenye vyombo vyao vya mvinyo. Simlaumu mwalimu wangu, maana naye alikabidhiwa orodha ile ile.

Siku hizi naanza kwa njia nyingine. Nabandika ubaoni picha kubwa ya mtungi mmoja, sitaji jina la mtu yeyote, kisha nawaacha wanafunzi watazame kwa dakika 10 kabla ya kuandika neno. Mtungi huo una kimo cha sentimita 61 hivi, ulifinyangwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 kabla ya Kristo (KK), na leo umehifadhiwa katika makumbusho ya Vatican. Juu ya udongo mwekundu wamechorwa kwa rangi nyeusi askari wawili walioketi wakielekeana, kila mmoja na mikuki yake miwili mkononi, wameinamia kijimeza cha mchezo kilichowekwa kati yao. Majoho yao yamejaa nakshi nyembamba kama za mshoni stadi, ambazo mchoraji alizikwaruza kwa ncha kali kwenye weusi mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Ngao zao zimeegemezwa nyuma yao. Askari wa kushoto amevaa chapeo, na wa kulia yu kichwa wazi, chapeo yake ikiwa imetundikwa juu ya ngao.

Wanafunzi huyaona mambo haya wenyewe, na hubishana. Katika darasa moja msichana aliyezoea kukaa kimya alisema kwamba watu hawa wanacheza lakini hawajapumzika, kwa kuwa hakuna aliyeweka chini mikuki. Jirani yake akaona kwamba mikuki yote minne inashuka kwa mshazari kuelekea kwenye kijimeza, kana kwamba mchoraji anamshika mtazamaji mkono na kumwonyesha mahali pa kutazama. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba wa kushoto ni Achilles na wa kulia ni Ajax, mashujaa wawili wakubwa wa Wagiriki waliokwenda kuuzingira mji wa Troy, na kwamba yale maandishi madogo yanayotoka vinywani mwao ni tarakimu za mchezo: Achilles anasema “nne” na Ajax anasema “tatu”.

Ajax ameshindwa, na kushindwa kwake hakuishii kwenye dadu. Kila Mgiriki aliyeushika mtungi ule alijua yanayofuata: Achilles atauawa kwenye vita hivyo hivyo, silaha zake zitashindaniwa, atapewa Odysseus, shujaa mwingine wa Wagiriki, badala ya Ajax, na Ajax, kwa uchungu na aibu, atajiua kwa upanga wake mwenyewe. Mchoraji hakuchora kifo wala damu. Alichora dakika ya utulivu kambini, akamwachia mtazamaji mzigo wa kujua mwisho wake. Mwanafunzi akilielewa hilo, amekielewa kisasili kuliko yule anayeweza kutaja majina 50 bila kukosea.

Jambo linalonivutia zaidi, na ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, ni kwamba kisa hiki cha mchezo hakimo katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy. Mchoraji hakuwa akinakili kitabu. Wanafunzi wetu waliosoma fasihi simulizi hawashangai, kwa sababu wamekwisha kufundishwa kwamba kisasili na kisakale huishi midomoni mwa watu, na kwamba kila fanani ana haki ya kuongeza na kupunguza. Mfinyanzi huyu alikuwa fanani wa udongo. Jina lake ni Exekias, nasi tunalijua kwa sababu ameliandika juu ya mtungi wenyewe kwa maneno ambayo darasa hupenda kuyarudia, maana mtungi ndio unaosema: “Exekias alinichora na kunitengeneza.” Mtungi wake mwingine, ulioko Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa, unamwonyesha Ajax yule yule akiwa peke yake, ameinama, akiusimika upanga wake ardhini na kuushindilia udongo kwa uangalifu kama mtu anayepanda mche. Hapo pia Exekias amesimama kabla ya tukio lenyewe.

Kutoka kwenye picha tunaingia kwenye udongo. Weusi ule haukuwa rangi ya kununua. Ulikuwa udongo ule ule wa mtungi, uliochujwa mpaka ukawa laini sana, na uliogeuka kuwa mweusi ndani ya tanuri kutokana na hewa. Kwanza mfinyanzi aliruhusu hewa kuingia na mtungi wote ukawa mwekundu. Kisha aliziba matundu na kutia kuni mbichi, joto likiwa takriban nyuzi 900, moshi ukajaa, chuma kilichomo katika udongo kikapoteza oksijeni na mtungi wote ukawa mweusi, huku sehemu zilizopakwa ule udongo laini zikiyeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Mwishoni alifungua tena matundu, mwili wa mtungi ukarudi kuwa mwekundu, na sehemu zilizojifunga zikabaki nyeusi mpaka leo. Mwalimu mwenzangu wa kemia aliponisikia nikieleza hayo aliomba kipindi kimoja aje mwenyewe, na wanafunzi waliokuwa wakilalamika kwamba historia ni kukariri tu walimwuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Na kabla hatujauacha mtungi huo, wanafunzi huulizwa umetoka wapi. Haukuchimbuliwa Athens. Ulipatikana Vulci, Italia, katika nchi ya Waetruska, watu walionunua vyombo vya Athens kwa wingi na kuwazika navyo wafu wao. Kwa hiyo swali la biashara ya baharini, la nani aliyelipa na alipenda nini, linazaliwa lenyewe kutoka kwenye chombo kimoja, bila mwalimu kulazimika kuandika ubaoni kichwa cha habari kuhusu uchumi.

Siasa nayo ina udongo wake. Raia wa Athens walikuwa na utaratibu wa kumhamisha mji kwa miaka 10 mtu waliyemwona amezidi nguvu, na kura yenyewe ilikuwa kigae cha mtungi uliovunjika, ambacho mpiga kura alikwaruza jina la mtu huyo. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kisima kimoja, kwenye mteremko wa kaskazini wa mlima Acropolis, vigae 190 vyenye jina la Themistocles. Walipochunguza mwandiko waligundua kwamba vigae vyote hivyo viliandikwa na mikono 14 tu. Nikilifikisha hilo darasani huwa sisemi zaidi, nawaacha wanafunzi wajiulize ni nani aliyekaa akaandaa kura za watu wengine, na kwa nini. Themistocles huyo ndiye aliyewashawishi watu wa mji wake kujenga merikebu, na merikebu hizo ndizo zilizowashinda Waajemi kwenye mlangobahari wa Salamis mwaka 480 KK. Haikupita hata miaka 10, mji aliouokoa ukampigia kura aondoke, naye akamalizia maisha yake chini ya ulinzi wa mfalme wa Uajemi. Nimesoma maelezo mengi ya demokrasia ya Athens, lakini sijaona yanayomgusa kijana kama vigae vile.

Mwaka huo huo wa 480 KK, kabla ya Salamis, Waajemi waliuteka mji uliohamwa na kuyachoma mahekalu ya Acropolis. Sanamu za wasichana zilizokuwa zimesimamishwa pale kwa heshima ya Athena ziliangushwa na kuvunjwa. Waathens waliporudi walizizika pale pale mlimani, na kwa kuwa zilikaa chini ya udongo kwa zaidi ya miaka 2,000, mabaki ya rangi yamesalimika kwenye baadhi yake, na yanaonekana leo katika makumbusho ya Acropolis. Wanafunzi waliozoea kudhani kwamba sanamu za Wagiriki zilikuwa nyeupe kama chumvi hushtuka kusikia kwamba zilipakwa rangi nyekundu, buluu na kijani. Vipande vya nguzo za hekalu lililoharibiwa vilijengewa kwenye ukuta wa kaskazini wa mlima, mahali ambapo mtu aliye mjini chini anaviona akiinua macho, na bado vipo.

Ukiyajua hayo, hekalu la Parthenon, lililo juu ya mlima huo huo, hulitazami tena kama jengo zuri tu. Lilijengwa kuanzia mwaka 447 mpaka 432 KK, na kulizunguka kwa juu kuliwekwa mabamba 92 ya marumaru yaliyochongwa mapigano. Upande mmoja miungu inapigana na majitu, upande wa pili Wagiriki wanapigana na Waamazoni, wanawake askari wa visasili, wa tatu na viumbe nusu mtu nusu farasi walioharibu karamu ya harusi, na wa nne ni kuangushwa kwa Troy. Hakuna Mwajemi hata mmoja kwenye mabamba hayo, ila mtu aliyeona mji wake ukiteketea alizielewa picha hizo bila kuelezwa. Hapa mwanafunzi anaona kisasili kikifanya kazi ya kumbukumbu ya vita.

Ni lazima pia aambiwe mambo yasiyopendeza. Hazina ya shirikisho lililoundwa kupambana na Waajemi ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos kwenda Athens mwaka 454 KK, na michango ya miji washirika ikaupamba mji mmoja. Wanawake wa Athens hawakupiga kura, na watumwa walichimba fedha katika migodi ya Laurion iliyolipia merikebu za Themistocles. Mwaka 416 KK jeshi la Athens lilikizingira kisiwa kidogo cha Melos, na kiliposalimu amri wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Majira ya kuchipua yaliyofuata, mbele ya raia wa Athens, mtunzi Euripides alileta jukwaani tamthilia kuhusu wanawake wa Troy baada ya mji wao kuanguka: wajane wanaogawiwa kama mateka, na mama anayenyang'anywa mwanawe mdogo ili akatupwe kutoka juu ya ukuta. Nimewasomea wanafunzi sehemu hiyo kwa sauti, na darasa lenye vijana zaidi ya 40 lilinyamaza hata kikohozi hakikusikika. Sidhani wangenyamaza hivyo kama wasingekuwa wamesoma habari za Melos wiki iliyotangulia.

Najua kwamba wapo wazazi wanaoogopa somo hili, wakiamini kwamba linamfundisha mtoto dini za kipagani. Hofu yao naiheshimu, na nawajibu kwamba hakuna mwanafunzi anayeombwa kuamini. Wagiriki wenyewe walikuwa na watu waliowahoji miungu hao waziwazi. Mshairi na mwanafalsafa Xenophanes wa Kolophon aliandika kwamba Waethiopia huwasawiri miungu wao weusi, na watu wa Thrace huwasawiri wao wenye macho ya buluu na nywele nyekundu, na kwamba kama ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, farasi wangechora miungu mfano wa farasi. Kijana anayesoma maneno hayo anafundishwa kupima anachoambiwa, na sioni mzazi anayepungukiwa na kitu kwa hilo.

Wapo na wanaosema kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali yanayosifiwa kupita kiasi, kana kwamba Ugiriki ilichipuka peke yake jangwani. Wana haki ya kulalamika, kwa maana mara nyingi somo limefundishwa hivyo. Dawa yake ni kulifundisha kwa ukweli. Herufi za Kigiriki zilitoka kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini wa pwani ya Lebanoni ya leo, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliliandika hilo bila kuona haya. Sanamu za mwanzo za vijana wa kiume, zinazosimama wima mikono ubavuni na mguu wa kushoto mbele, zina mkao walioujifunza kutoka kwa wachongaji wa Misri. Katika tenzi za Homer miungu yenyewe huondoka Olympus kwenda kula karamu kwa Waethiopia. Ukiweka picha ya sanamu ya Misri kando ya ile ya Kigiriki, mwanafunzi huona undugu wake kabla hujafungua kinywa.

Kuhusu umri nina jambo moja. Baadhi ya wenzangu husema kwamba elimu hii ni ya chuo kikuu na kwamba vijana wa sekondari hawaiwezi. Mwaka 1936, huko London, mvulana wa miaka 14 aitwaye Michael Ventris alikwenda kumsikiliza mzee Arthur Evans, aliyeyachimbua majengo ya Knossos katika kisiwa cha Krete, akizungumzia vibao vya udongo vyenye maandishi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyasoma. Mvulana yule hakuyasahau. Alisomea usanifu wa majengo, akaendelea kuyahangaikia maandishi hayo kwa muda wake wa ziada, na mwaka 1952 akayafumbua, akaonyesha kwamba lugha yake ni Kigiriki cha zamani sana, karne nyingi kabla ya Homer. Vibao hivyo vingi ni hesabu za kondoo, mafuta na nafaka, vilivyosalimika kwa sababu moto ulioyateketeza majumba ya wafalme uliuchoma udongo wake ukawa mgumu. Katikati ya hesabu hizo yamo majina ya Zeus, Hera na Poseidon, wakitolewa sadaka. Majina niliyoyakariri mimi bila kuyaelewa yalikuwa yameandikwa na karani aliyekuwa akijaza daftari la ghala.

Mhariri, ninaloliomba halihitaji fedha nyingi, kwa kuwa makumbusho mengi yameweka picha za vitu vyao kwenye intaneti na picha moja nzuri iliyochapwa inatosha darasa zima. Naomba watayarishaji wa mitaala wayaweke visasili, historia na sanaa ya Wagiriki katika mada moja, mikononi mwa mwalimu mmoja, au walimu wawili wanaokaa pamoja kupanga vipindi. Naomba walimu wenzangu wavumilie ukimya wa zile dakika 10 za mwanzo, ambao najua unatisha, na wasiharakishe kutaja majina. Na zaidi ya yote nawaomba watunga mitihani waache swali la kuoanisha mungu na nembo yake, kwa sababu darasani hufundishwa kile kinachoulizwa. Waweke picha ya chombo ambacho mtahiniwa hajawahi kukiona, wamwulize anaona nini, kimetengenezwaje, kinasimulia kisa gani au sehemu gani ya kisa, na aliyekinunua alikuwa nani, kisha wampe nusu ukurasa wa kujibu na alama kwa kila jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia, shule ya sekondari